Jiwe Kwenye Foleni ya Unga

Jumatatu, 6 Septemba 1976

Sijamwambia mtu. Jiwe la kwanza nililirusha mimi.

Nimechapa kurasa sita tangu nitoke shule. Baba ni wakili, anatetea madereva walioua watu barabarani. Karani wake huandika maelezo ya mashahidi kwa Kiswahili, mimi nayageuza Kiingereza kwa ajili ya mahakama. Baba hausomi mwandiko wa karani, anasema ni kuku aliyekanyaga wino. Anasoma nilichochapa mimi tu. Leo kaniletea faili la Hamisi, dereva wa lori la unga.

Ni yeye.

Jumatano, 8 Septemba

Niandike ilivyokuwa, mwezi wa tano.

Foleni ya sembe Kariakoo, tangu alfajiri. Nilivaa sare. Lori likaja likamgonga mvuta mkokoteni mguuni. Hamisi akashuka, mikono juu, anamwomba radhi. Watu wakaanza. Mama mmoja akamwambia, "Nyie mnashiba, halafu mnatukanyaga." Mimi, nisiyeweza hata kunyoosha kidole darasani, nikaokota jiwe. Lilimpata Hamisi juu ya jicho. Damu. Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi.

Kisha mawe yakawa mvua. Akarukia usukani, akarudi nyuma kwa kasi. Nyuma alikuwepo Bi Mwajuma na karai lake la vitumbua. Tairi lilimpita kifuani. Nilisikia mlio. Mafuta ya moto yakammwagikia usoni na hakupiga kelele, ndipo nikajua.

Lori likaondoka, utingo, msaidizi wake, akabaki. Watu walimpiga kwa vyuma mpaka taya likakaa upande. Hamisi alijipeleka polisi mwenyewe.

Nilirudi nyumbani bila unga. Mama akanigombeza.

Ijumaa, 10 Septemba

Maelezo ya Mzee Selemani, muuza kahawa. Anasema jiwe la kwanza lilitoka kwa msichana wa sare ya shule, dereva akiwa bado chini na mikono juu.

Sentensi hiyo nimeiruka. Nimechapa iliyotangulia, nimechapa iliyofuata. Karatasi inasomeka vizuri kabisa. Sikukosea hata herufi moja. Hilo ndilo baya.

Jumamosi, 11 Septemba

Mzee Selemani kakamatwa kwenye msako wa wazururaji. Hana kitambulisho cha kazi, na kahawa wamesema si kazi. Kapakiwa, kapelekwa kijijini, hakuna anayejua kijiji gani. Karani anasema alipanda na birika lake, akawauliza mgambo kama huko waendako vikombe vipo. Baba hakucheka. Mashahidi wengine wote wanasema hawakuona kitu. Watasemaje, na wao walirusha.

Imebaki karatasi yangu.

Jumatatu, 13 Septemba

Nimetoroka shule. Nilikaa benchi la nyuma mahakamani. Mwendesha mashtaka kasema Hamisi alikimbia kwanza, mawe yakafuata. Baba akasoma maelezo ya Mzee Selemani, akayageuza huku na huku, hana pa kushika.

Mtoto wa Bi Mwajuma akaruka benchi. Alimpiga Hamisi kichwa cha mdomo, akamkaba, askari watatu wakashindwa kumbandua. Hamisi hakuinua mkono. Alipoachiwa aliokota jino lake sakafuni, akalitia mfukoni.

Jioni baba hakula. Akaniambia, "Mwanangu, mtu hakimbii hivihivi. Kuna kitu kilimkimbiza, na mimi sikioni."

Nikamjibu, "Ndiyo, baba." Nikaondoa sahani. Jikoni nilijing'ata mkono mpaka ukatoka damu. Haikusaidia.

Kesho utetezi unafungwa. Wakimtia hatiani ni miaka jela. Ana watoto wanne.

Jumanne, 14 Septemba, asubuhi

Nimechapa upya. Sentensi imerudi mahali pake. Chini yake, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, nimeandika kuwa msichana huyo ni mimi. Jina, darasa, shule.

Shule watanifukuza. Polisi sijui. Mtoto wa Bi Mwajuma anashona viatu mtaa wa pili, mimi hupita hapo kila siku. Naogopa. Sijawa jasiri, nimechoka tu.

Nje wanafagia. Mama anachemsha chai. Baba keshavaa viatu vya mahakamani, nasikia soli kwenye korido, anakuja kuchukua faili. Kwa kawaida mkono wangu hulifunika daftari hili wenyewe, hata sijauambia.

Nimeuweka magotini. Kurasa ziko wazi. Amefika mlangoni.