Chupa Chini ya Leso

Jumatatu, 10 Machi

Nimejaza mitungi ya hewa. Nimesuuza mipira ya kupumulia na miwani. Bakari amekagua vyote, kisha akakagua tena nilivyokagua mimi. Ni kaka yangu na ni mkubwa wa waongozaji wa wageni wanaozamia kwa boti yetu, basi namwacha.

Ofisi ilimwomba abaki juu mwezi huu kwa sababu ya saumu, wasiofunga washuke na wageni. Amekataa. Kila Ramadhani vita ni hivi hivi. Anasema amezamia na saumu tangu ujana wake na hajala mchana hata siku moja. Ni kweli. Ndiyo anayoringia.

Mimi nina udhuru wa kike tangu jana, sifungi. Chupa yangu ya maji iko kikapuni, nimeizungushia leso. Mwanamke hanywi mbele ya waliofunga, hata kama Mungu mwenyewe amemruhusu. Naenda nyuma ya mitungi, nageuka, nakunywa. Wanaume wote wanajua. Wote wanatazama baharini.

Jumatano, 12 Machi

 

Wageni watatu, wote wana vyeti vya kuzamia. Mmoja, bwana mwenye ndevu, nilimuuliza alizamia lini mara ya mwisho. Alicheka tu. Nikamwambia Bakari. Akasema atakaa naye mwenyewe. Na alikuwa ameshashuka mara moja asubuhi, peke yake, kufunga upya kamba ya boya. Sikupenda, nikamwambia. Akasema niache kumlea.

Tulikuwa chini kabisa, kando ya mwamba, yule bwana alipotema kipumulio. Macho yalimtoka. Akabonyeza kitufe cha kujaza jaketi hewa, akaanza kupanda mbio. Bakari akamrukia, akamtia kipumulio cha akiba mdomoni, wakapanda wameshikana. Alijitahidi kumpunguza kasi njia nzima. Hakuweza. Mimi nilibaki na wale wawili, nikawapandisha polepole, nikawasimamisha karibu na juu kama inavyotakiwa. Kusubiri kule kuliniua. Nililiona tumbo la boti tu.

Juu, wote wazima. Yule bwana analia. Chupa ya oksijeni, tiba ya kwanza ya aliyepanda mbio, ni moja, na Bakari akaamuru apewe mgeni. Yeye akaketi omoni, mbele ya boti, kichwa magotini. Nikamuuliza ana nini.

"Ni saumu tu, Mwanaisha."

Nikamletea chupa yangu ya maji, na leso ya kuifichia. Alinitazama mpaka nikaona haya. Nahodha Shee, ambaye ni baba kwetu sote, akamwambia, "Bakari mwanangu, mgonjwa ameruhusiwa."

"Mimi si mgonjwa, mzee. Jua likizama nitakunywa."

Tukamwamini. Hapo ndipo hasira zinaponipanda. Mwezi huu kila mtu jioni amelegea. Kila mtu kichwa kinamuuma, hataki kusemeshwa. Maradhi ya kupanda haraka, hewa ikifanya mapovu ndani ya damu, yana sura hiyo hiyo. Sote tumefundishwa dalili zake, na sote tuliziona.

Nyumbani alilala. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa. Akala tende, akanywa maji, akasema alhamdulillahi. Akataka kuinuka akasali. Miguu ikakataa.

Alhamisi, 13 Machi

Mombasa. Kutoka Mkwiro, kwetu kisiwani, tulivuka kwa boti, Bakari amelala juu ya maboya. Halafu gari. Wamemwingiza kwenye chumba cha shinikizo, chumba cha chuma chenye kidirisha kidogo. Daktari ni msichana wa bara. Aliuliza kwa nini hatukuja mapema.

Mama akajibu, "Alikuwa amefunga, mwanangu."

Hakutukaripia. Afadhali angetukaripia.

Jumapili, 16 Machi

Yule bwana ametuma salamu. Anatembea. Namchukia.

Bakari namchukia zaidi. Kila nikimtazama nataka kumtikisa. Kisha anauliza kama nimekula daku, nami nashindwa.

Nimeanza tena kufunga. Nimelia chooni, maji ya bomba yakiwa wazi ili Mama asisikie.

Ijumaa, 21 Machi

Kidole gumba cha mguu wa kushoto kimetikisika. Mama akapiga kigelegele wodini. Halafu basi. Tumengoja mchana kutwa.

Daktari amenivuta kando. Huenda Bakari akasimama kwa magongo. Kuzamia, asahau. Maji yasimkose na dawa asiruke. Asifunge. Nilimwambia akamwambie yeye mwenyewe, mimi siwezi. Akamwambia. Bakari akageukia ukutani.

Jumanne, 25 Machi

Tumerudi nyumbani. Boti imetoka na mwongozaji mwingine. Tulisikia injini yake. 

Alhamisi, 27 Machi

Joto kali leo. Nimefunga, midomo imekauka. Mama amekwenda kuchota maji. Bakari yuko kitandani ukumbini, karibu na mlango unaotazama bahari, leso ya Mama juu ya miguu yake.

Mchana nilimpelekea dawa na kikombe cha maji, nikakaa mkekani kumenya mihogo ya futari. Dawa akaishika mkononi. Kikombe hakukigusa. Nikasema moyoni, ukaidi ule ule. Nikainua kichwa nimpashe.

Kumbe ananingoja nigeuke.

Sikuwahi kugeuka. Akaivuta ile leso kutoka miguuni, akajifunika kichwa chote, akanywa humo ndani. Nilisikia maji yakishuka kooni.

Nikatazama baharini mpaka alipomaliza.