Ng'ombe wa Mwezini

Kavimvira, Uvira

Kwako Yaya Osée, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, nikiamini barua hii itakukuta huko Liège ukiwa na afya, koti zito na hamu ya kula. Sisi huku tu wazima. Mama yetu Nyirabahizi magoti yanamsumbua mvua ikikaribia, ila sauti yake ni ile ile, na majirani ni mashahidi. Ziwa limetulia, halijaingia tena kwenye nyua za watu. Watoto wangu wanauliza kama ni kweli mtu mzima mwenye mvi anaweza kupanda treni kwenda kuzungumza na wenzake juu ya vitu vya kuchezea. Niliwajibu kwamba ni kweli, na kwamba mjomba wao ni bingwa wa kazi hiyo.

Sasa nije kwenye lile uliloniagiza. Uliniandikia kwa uchungu kwamba wenzako katika chama chenu cha wakusanyaji wa vitu vya kuchezea walikucheka ulipowaonyesha ng'ombe wako wa plastiki. Walisema seti ya kituo cha mwezini, ile ambayo marehemu Baba alikununulia Bujumbura ulipokuwa mdogo, haikuwahi kuwa na ng'ombe katika nchi yoyote ile. Mmoja wao alikuita mwongo mbele ya watu. Ukaniomba nitafute pande hizi za ziwa seti nyingine yenye ng'ombe kabla ya mkutano wenu wa mwaka, ili jina lako lisafishwe. Yaya, nilikasirika kuliko wewe. Mtoto wa Thaddée Ndagijimana aitwe mwongo, tena kwa habari ya ng'ombe?

Nilianzia ng'ambo ya mpaka. Unajua kazi yangu ya kutoa mizigo ya watu hapa douane, yaani forodhani, inanipa marafiki wengi, na mmoja wao alinipeleka Bujumbura kwa Mzee Bigirimana, ambaye zamani alikuwa na duka na bado ametunza boksi moja la seti hiyo ambalo halikupata mnunuzi. Maandishi ya boksi ni Kifaransa. Nyumba ya duara ni ya rangi ya machungwa, watu wake ni wa njano na kila mmoja ameshika chombo cha kutobolea mawe, antena inazunguka, na ardhi ni ya plastiki yenye mashimo ya mwezi. Ni yako kabisa, nusura nilie. Ila ng'ombe hayumo. Nilimwomba mzee atafute ile alama uliyonichorea, lile yai dogo lenye mistari iliyopinda lililo chini ya tumbo la ng'ombe wako, ambalo unasema ni chapa ya kiwanda usichokijua. Alivaa miwani, akageuza vitu vyote kimoja kimoja. Chini ya miguu ya watu kulikuwa na namba ndogo, na alama yako haikuwepo.

Kisha nikapanda pikipiki mpaka Kalundu kwa Mapendo, fundi cherehani, ambaye baba yake alimletea seti kama hiyo kutoka Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Hiyo maandishi yake ni Kiingereza. Nyumba ni ya kijani, watu ni wa kijivu na wameshika bunduki, ardhi ni karatasi ngumu ya kukunja, na antena imechorwa tu juu ya hiyo karatasi. Aliponiambia kuna mnyama, moyo uliniruka. Kumbe ni dubwana lenye macho matatu. Nilimwambia waziwazi kwamba yetu ya Bujumbura ni nzuri zaidi, maana watu wake walikwenda mwezini kufanya kazi. Naye akanijibu kwamba yao ndiyo ya kweli, kwa kuwa hakuna mwenye akili atakayekwenda mahali asipopajua bila silaha. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na tukaagana tukicheka.

Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Ulinikataza kumsumbua Mama na jambo hili, na nilikutii, lakini unamjua. Alikuwa anasuka maziwa ndani ya kibuyu, akaniangalia usoni, akaniuliza nani amekufa. Nikashindwa kuficha. Nikamweleza yote: wenzako, kicheko, alama, na ng'ombe anayetafutwa ng'ambo zote mbili za ziwa.

Mama aliacha kusuka. Akasema tusijichoshe kumtafuta, kwa sababu huyo ng'ombe alizaliwa mikononi mwake.

Yaya, kaa chini kabla ya kuendelea kusoma. Jioni ile Baba alipoleta boksi, wewe ulikuwa umelala. Mama alilifungua, akapanga nyumba, akapanga watu, akatafuta mpaka chini ya karatasi. Ndipo akamwambia Baba maneno haya, na alinirudia kama alivyoyasema: "Batu iko mu nyumba, ng'ombe iko wapi? Batakunywa nini kule?" Yeye aliposhuka kutoka milimani kuja kuolewa, ng'ombe alitangulia. Kumpa mtoto wake makazi mapya yasiyo na ng'ombe aliona ni kumtakia ufukara. Basi akafinyanga ng'ombe wa udongo mwenye pembe ndefu kama za kwao, akatengeneza kalibu, akakata bidon ya njano, lile dumu la mafuta, ili rangi ifanane na ya wale watu, akaiyeyusha na kuikandamiza humo. Na kabla plastiki haijapoa, akaibonyeza tumboni kwa kidole gumba ishike vizuri. Kovu la moto bado analo, amenionyesha. Hicho ndicho kiwanda chako.

Nilimuuliza kwa nini hakusema miaka yote hii. Akanijibu, bila haya hata kidogo: "Minye hakuna muntu mwenye aliniulizaka."

Nilitoka nje nikalia kwa furaha. Wewe si mwongo, Yaya. Ng'ombe alikuwa ndani ya boksi ulipolifungua, nawe ulisema ulichokiona. Waambie wenzako kuna seti ya Kifaransa, kuna ya Kiingereza, na kuna ya Uvira, iliyotengenezwa moja tu duniani, na aliyeitengeneza anaishi kwangu. Sijawahi kujivunia nyumba yetu namna hii.

Patient, jirani yetu anayesafiri kuja huko, atakukabidhi mfuko pamoja na barua hii. Humo mna ng'ombe wa njano wa kuwatosha wenzako wote. Mama alisema amewahurumia wale watu wa mwezini walioishi bila maziwa muda wote huo. Ng'ombe kawatengeneza mwenyewe, nami nilishika kalibu tu. Geuza tumbo la kila mmoja uone alama. Anza na yule aliyekuita mwongo, na umweleze kwamba kwetu aliyekupa ng'ombe si mgeni wako tena. Mama anasema yeye sasa ana wana huko, wawe wanakusaidia wakati wa baridi.

Watoto wanakukumbatia, Mama anakubariki, nami nakuombea safari njema ya kwenda mkutanoni.

Ni mimi mdogo wako,
Uwayezu Bénédicte