Chupa Iliyomwamkia Mama

Dada Koku,

Shikamoo. Najua hujibu, lakini nimelelewa vizuri, na aliyenilea kwa makofi ni wewe.

Leo imesomwa misa yako ya mwaka hapa Buzuruga. Watu wamekula, wamekusifu mpaka nikadhani tumekosea marehemu. Siku hizi tunavuka Busisi kwa daraja, kivuko hatukisubiri tena. Nikipita pale namkumbuka yule askari niliyekuponza kwake, nilipokupigia kelele mbele za watu, "Dada, risasi umezibeba?" Begi likamwagwa. Ukaanza kumweleza kwamba hizo tunazoziita risasi ni vichupa vya chuma vyenye gesi ya kutia kwenye maji, si vya kuua mtu. Alikubali pale tu ulipoitoa chupa yako ukamtengenezea glasi moja ya maji ya gesi, akanywa, akacheua. Mimi hukunisemesha mpaka Sengerema.

Chupa hiyohiyo ndiyo iliyonikalisha niandike. Ile ya kioo kinene, yenye wavu wa waya na kichwa cha kubonyeza, uliyoiokoa hotelini ulikofanya kazi walipokuwa wanatupa vitu vya zamani. Kila Jumapili baada ya chakula ulimmiminia Mama. Ikilia "shiii", ulisema inamwamkia, ila haijajifunza kumalizia neno. Naye Mama aliijibu marahaba, huku anacheka.

Risasi ya mwisho uliitumia asubuhi ile uliyopelekwa hospitali. Uliijaza chupa, ukaiacha kabatini, hukurudi kuimimina. Mama akakataza isiguswe. Mama, ambaye tangu tukuzike anaongea kwa kichwa tu, ndiyo au hapana.

Wiki iliyopita nikiifuta vumbi nikaona ufa. Mwembamba kama unywele, umejificha chini ya wavu. Nikaiweka taratibu, nikatoka kinyumenyume kama ninayeagana na mkuu wa wilaya. Mke wangu aliposikia neno gesi akatoa mtungi wa jiko nje, na mpaka leo anapikia kuni. Nikamweleza kwamba gesi hii haiwaki, inapasua chupa tu. Maelezo hayo hayakumsaidia. Tukapatana kwamba leo wageni wakiondoka niifunge kwenye gunia nikaizamishe ziwani.

Wageni wakaondoka. Mama akaja na glasi yake, kipande cha ndimu ndani, akaiweka mezani. Akaniangalia.

Dada, niliwaza kumdanganya kwa soda ya dukani. Sikuweza, macho yale unayajua. Nikamwambia ukweli, kwamba kuna ufa, kwamba inaweza kumpasukia usoni. Akaisogeza glasi karibu zaidi.

Nikawatoa mke wangu na watoto nje. Nikalowesha khanga yako, nikaiviringishia chupa mara mbili. Nikamwomba Mama akae mbali, akavuta kiti. Upande wangu. Nikaishika chupa kiunoni, si shingoni, nikainama kama ulivyonifundisha, kama mtu anayeamkia mkubwa wake. Jasho likanitiririka mpaka machoni. Ndani ya khanga kioo kikalia, tik. Nikaganda. Nikiiachia nitaiangusha, nikiibonyeza sijui. Na mkono wa Mama uko palepale, umeishikilia glasi.

Nikafumba macho, shujaa wa ukoo, nikabonyeza.

Kimya.

Nikaongeza nguvu.

"Shiii..."

"Marahaba, Koku," akasema Mama.

Kwa sauti yake ileile. Mwaka mzima, dada... Niliendelea kubonyeza kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Glasi ikafurika, maji yakatambaa mezani, na Mama akaniambia nimekuwa mzee na bado sijui kumimina. Akanywa. Akacheua bila aibu. Kisha akalia, nami nikalia, mke wangu akachungulia dirishani kuona nani ameumia.

Chupa sasa ni tupu. Ufa umepanda hadi shingoni na risasi hazipatikani, kwa hiyo haitajazwa tena. Ziwani siipeleki. Imerudi kabatini, haimtishi mtu.

Ninachokuahidi ni hiki. Kila Jumapili nitammiminia Mama maji ya kawaida, nitatia ndimu, na ile "shiii" nitaitoa mwenyewe. Pengo ninalo la kutosha. Ila neno sitalimalizia. Hiyo nusu ni yako.

Pumzika, dada yangu.

Mdogo wako,
Deo