Jiwe Nililorudi Kulichukua

Kitale,
Jumapili, baada ya ibada.

Baba yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi nje juani, na kwamba nyonga haikusumbui sana asubuhi. Je, Mama bado anapeleka maziwa Bumula kwa miguu, au mdogo wangu Wafula ameanza kumsaidia kwa baiskeli yako? Mimi ni mzima. Naandika hivyo mapema ili usome yaliyobaki bila wasiwasi: ni mzima, sina hata mkwaruzo. Ningepiga simu pale kibandani, lakini habari hii si ya kusemwa mbele ya watu wanaongoja zamu.

Dereva wa ushirika wetu wa maziwa ameshikwa na malaria. Alhamisi meneja wetu, Bwana Njoroge, alikuwa na mkutano na wakulima huko Moi's Bridge saa tatu asubuhi, akauliza ofisini ni nani mwenye leseni. Kila mtu alitazama karatasi zake. Nikainua mkono mimi, karani wa miezi minne, ambaye bado niko katika majaribio ya kazi. Wewe ndiye uliyesisitiza nijifunze kuendesha gari, kwa hiyo lawama tugawane.

Tuliondoka watatu tumebanana mbele kwenye pikapu: mimi, meneja, na katikati yetu Mama Chebet, mkulima wa makamo ambaye ni mjumbe wa kamati. Sikusema neno njia nzima. Nilishika usukani kama mtu aliyebeba mayai.

Tulipofika mahali barabara inaponyooka, nikasikia mlio mkubwa, kama wa bunduki. Tairi la mbele, upande wa kulia, lilikuwa limepasuka. Usukani ukanivuta kulia, na kulia huko lori la mahindi lilikuwa linakuja.

"Breki! Kanyaga breki!" meneja akapiga kelele.

Baba, mguu wangu ulitaka kumtii. Lakini nilimkumbuka mwalimu wangu wa udereva pale Bungoma, aliyekuwa akinigonga goti kwa rula kila nilipoikimbilia breki. "Tairi likipasuka, breki ndiyo itakuua," alikuwa akisema. Nilikaza mikono yote miwili kwenye usukani, nikaondoa mguu kwenye mafuta taratibu, nikaielekeza pikapu mbele tu. Lori likatupita likipiga honi. Nikaiacha pikapu ipungue mwendo yenyewe, nikawasha indiketa, na tulipokuwa tunakwenda kama mtu anayetembea, sikusimama bado. Kando yetu palikuwa na mtaro.

"Unaharibu rimu!" meneja akasema.

"Wacha iharibike," Mama Chebet akamjibu. "Rimu utanunua ingine. Shingo yangu utaitoa wapi?"

Nilisimama kilima kilipoanza, mahali penye nafasi, ingawa magurudumu ya kulia yalibaki juu ya lami. Nikavuta breki ya mkono, nikatia gia, nikawasha taa za tahadhari. Mama Chebet alikuwa ameshateremka, anavunja matawi na kuyapanga barabarani mbele na nyuma yetu, ili magari yajue kuna lililokwama. Mimi nikatafuta mawe mawili, nikayakaza nyuma ya magurudumu ya nyuma ili pikapu isirudi chini. Nikalegeza nati kabla ya kuinua kwa jeki, nikatoa tairi bovu, nikatia la akiba. Bwana Njoroge alinishikia nati kwenye kofia yake. Mikono yangu ilitetemeka, lakini kazi ilifanyika.

"Ati karani!" Mama Chebet akacheka. "Kumbe ni fundi."

Akayaondoa matawi yote. Tukapanda, tukaenda, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikapumua.

Tulikuwa tumekaribia Moi's Bridge nilipoona udongo mwekundu kwenye kiganja changu. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo, unajua tabia yangu: jeki iko, spana iko, tairi bovu liko nyuma, matawi yameondolewa. Mawe. La kushoto lilikuwa kwenye nyasi. La kulia nilikuwa nimeliacha juu ya lami.

Pale kilimani upande wa pili wa barabara umeliwa na mashimo, kwa hiyo wanaoteremka kwa baiskeli hupita upande tuliosimama sisi. Na sasa hata tawi moja la kuwaonya halikuwepo.

"Naomba turudi," nikasema. "Nimeacha jiwe."

"Jiwe?" Bwana Njoroge akatazama saa. "Nasimiyu, watu wanangoja. Jiwe moja bana! Si Kenya yote iko na mawe?"

"Baba yangu alianguka na baiskeli kwa jiwe kama hilo. Hajaendesha tena." nikasema. "Nifute kazi tukifika, lakini nageuza gari."

Mama Chebet akamgusa meneja kwa kiwiko. "Huyu mtoto amenyamaza tangu asubuhi. Akiongea, si umsikize?"

"Geuza," Bwana Njoroge akasema. "Lakini polepole."

Tulilikuta bado lipo. Nilikuwa nimeliinua kifuani nilipogeuka nikaona baiskeli inateremka kasi, mtu na makopo yake mawili ya maziwa. Akapita palepale jiwe lilipokuwa.

"Madam, unajenga?" akapaza sauti, akacheka, akaenda zake.

Niliketi kwenye nyasi nikalia. Bwana Njoroge alikuja akalichukua lile jiwe, akalitia nyuma ya pikapu mwenyewe. Mkutanoni aliwaambia wakulima tumechelewa kwa sababu yake yeye mwenyewe. Juzi aliagiza fundi achonge vigingi viwili vya mti vya kuzuia magurudumu na kuvifunga kwa kamba kwenye pikapu, visiweze kusahaulika. Kesho nitaendesha tena.

Baba, miaka yote umekuwa ukiuliza ni mtu wa namna gani anayeweza kuacha jiwe barabarani. Nilidhani ni mtu mbaya. Sasa nafikiri labda alikuwa anatetemeka kama mimi, ameogopa kuchelewa, na hakuna aliyemwambia ageuze. Usipoweza kumsamehe, naelewa. Lakini nilitaka ujue kwamba safari hii jiwe limeondolewa.

Nisalimie Mama, na umwambie habari hii ukiwa umeanza na mwisho wake. Msalimie Kukhu, bibi yetu, na shangazi Nekesa anayeuza mboga sokoni. Wafula mwambie asiteremke kilima bila kushika breki; za baiskeli ni halali.

Ni mimi binti yako, niliyefika salama,
Nasimiyu