Jibu la Damu Yako

Mama,

Jibu la damu yako limefika. Daktari wa Kasongo, yule msichana mwembamba uliyemwambia ale kwanza ndipo akuchome sindano, amelileta mwenyewe hapa Wamaza kwa pikipiki, matope mpaka magotini. Nilimpikia wali wa shamba lako. Alikula sahani mbili, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye tena.

Nilifurahi, halafu nikalia, halafu nikafurahi tena. Sina mwingine wa kumwambia ila wewe.

Siku ile ya sombe, yale majani ya muhogo, najua huikumbuki, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Figo zako zilikuwa zimechoka na miguu imevimba, hilo tulilijua. Lakini uliingia jikoni kwa jirani yetu Mama Riziki ukidhani ni kwako, ukatia chumvi kwenye sombe yake, ukafunika sufuria, ukaenda zako. Kesho yake mtoto wake akashikwa na homa. Mjomba, mdogo wako wa tumbo moja, akasimama mbele ya watu wote akakuita mulozi, mchawi uliyemroga mtoto. Mtoto alipona kwa dawa ya malaria, lakini maneno yalibaki. Wanawake wakaacha kuja kwetu kuomba moto.

Na mimi, Mama. Uliponiita kwa jina la dada yako marehemu, nilikukemea. Niliogopa kwamba Mjomba alisema kweli. Nisamehe.

Kisha daktari akaja kuomba damu ya wagonjwa wa figo kwa utafiti wake. Ukoo mzima ulikataa, eti damu ya mtu hailali ugenini. Wewe ulinyoosha mkono ukasema, "Muache damu yangu iende kusoma. Miye sikusoma." Hata Mjomba alicheka, ingawa hakutaka.

Daktari alinieleza polepole, nami nakueleza nilivyoelewa. Ndani ya nyuzi za neva kuna protini inayozipa nguvu. Neva zikiumia, protini hiyo humwagika kwenye damu, na figo zikiwa mbovu huzidi kujaa humo. Yako ilikuwa juu sana. Hakunificha kwamba kipimo hicho bado wanakichunguza, kwamba hakiponyi mtu, wala peke yake hakitoshi. Lakini kwa yote aliyoyaona kwako, figo na ubongo vilikuwa vikiugua pamoja. Ulikuwa mgonjwa, Mama. Mgonjwa tu.

Nilimwomba ayarudie hayo mbele ya Mjomba, naye akayarudia. Mjomba aliinama. Asubuhi yake alibeba kikombe cha maji mpaka kaburini kwako, sisi nyuma yake, Mama Riziki naye. Unajua kwetu neno lililosemwa hadharani halifutwi chumbani. Akajaza maji kinywani, akayapuliza juu ya udongo wako kulifuta neno lake, akasema, "Nilisema maneno mubaya. Dada yangu alikuwa mugonjwa. Hakuwa mulozi."

Tulipotoka pale Mama Riziki alipitia kwetu, akaondoka na kaa la moto. Moto wake ulikuwa unawaka, nilikuwa nimeuona.

Asante, Mama. Wewe uliyeogopa sindano kuliko nyoka, ulitoa mkono wakati watu walikuwa wamekwisha kukuhukumu. Usingeutoa, ningezeeka na ile hofu yangu, na wajukuu zako wangeirithi.

Jambo moja limebaki. Jana Mjomba alivua viatu mbele yangu, nikaona miguu yake. Imevimba. Aliniuliza mara mbili shamba la mpunga liko upande gani, akasema ni uchovu. Jumatatu nampandisha pikipiki, tunakwenda Kasongo kwa daktari. Amekubali, ila amenuna.

Pumzika sasa. Najua ulimbeba mgongoni kabla hujanibeba mimi. Akianza kusahau, nitakuwa wa kwanza kujua, na mtu yeyote atakayekuja na neno baya juu yake atanikuta mlangoni.

Mwanao,
Faida