Kibati cha Aloys

Jumapili, 14 Septemba 1997

Leo mahakama ilikaa uani kwa Massoudi. Tunaiita mahakama lakini hakuna jaji wala mufungwa, ni sisi wapenda baiskeli wa mutaa wa Bwiza tu, na hizo baiskeli tunaziita makinga. Tangu embargo, vikwazo vya majirani, ifunge mafuta, muji muzima uko juu ya kinga. Lakini sisi si watu wa kubeba ndizi na makaa! Sisi ni watu wa mbio. Tunajiundia wenyewe: kadre, yaani fremu, ya huku, mapine ya Uvira, freni za kuombaomba.

Sheria ni ileile. Kinga inageuzwa, kiti chini, mapine juu. Kila mutu anaisema, zamu kwa zamu. Mwenye kinga ananyamaza! Hata umwambie cheni yake ni ya kufungia mbwa, ananyamaza. Wote wakimaliza, neno la mwisho ni lake.

Leo ilikuwa zamu ya Aloys. Mwaka muzima anaijenga. Kadre aliachiwa na mwalimu mmoja Mufaransa aliyekimbia vita, nyembamba, nyepesi, unainua kwa vidole viwili. Rangi ya kijani ameipiga mwenyewe kwa pampu ya dawa ya mende. Na imetulia, wallahi, imetulia. Massoudi, mwenye ua na fundi wa kuchomea vyuma, alitafuta kosa kwenye maungio akakosa. Bahizire, yule Mukongomani wa Uvira anayetuletea mapine, alisifu mpaka nikakasirika.

Zamu yangu. Mi Ilyasi sisifu bure, wanajua. Chini ya kiti Aloys amechomelea kipande kidogo cha chuma, ametoboa matundu mawili, moja limeenda upande kama jicho la mulevi. Hapo ndipo amefunga kibati cha kodi ya komini, serikali ya mutaa, ile plaki yenye namba. Nikasema: Kinga ya mbio imevaa kibati kama mbuzi wa mnada! Ua wote ulicheka. Nikachukua bisibisi ya Massoudi, nikakifungua mbele yao, nikatia mufukoni. Nikasema na kengele itoke, inaongeza uzito bure.

Aloys alibana midomo, sheria ni sheria. Neno lake la mwisho likafika, akacheka: Haya, mumenivua nguo. Lakini kengele inabaki, wamama wa sokoni watanisikia vipi?

Siku nzuri sana. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Jumatatu, 15 Septemba

Fatouma, bibi yangu, amekuta kibati mufukoni akifua. Eti, Baba Houda, siku hizi unaiba hata vyuma vya watu? Nimemwambia ni cha Aloys, nitamurudishia Jumapili. Amenitupia suruali imelowa.

Alhamisi, 18 Septemba

Yarabi. Yarabi!

Scholastique, dada yake Aloys, amekuja dukani kwangu, mutaa wa Asiatique. Kitenge kimefungwa ovyo, sandali moja imekatika. Kaka Ilyasi, Aloys hajalala nyumbani tangu juzi. Mi nikadhani ni mambo ya mwanamuke! Nilikuwa nimeshafungua mudomo nimutanie. Alhamdulillahi sikutania.

Bahizire ndiye aliyeona. Juzi alikuwa anarudi na mizigo, njia ya Rumonge. Kwenye barrage, kizuizi cha barabarani, askari walimusimamisha Aloys aliyekuwa anafanya mazoezi, wakaigeuza kinga mapine juu — kama sisi! kama sisi kabisa! — wakatafuta plaki. Plaki iko wapi? Kinga nzuri hivi haina plaki, umemuibia nani? Au umetumwa na nani? Maana siku hizi mutu mwenye mbio anasemwa anapelekea habari wale waasi wa milimani. Aloys akawaambia plaki iko muji, kwa rafiki. Rafiki gani? Bahizire anasema hapo Aloys alinyamaza. Wakamupakia kwenye kamioneti, na kinga juu yake, wakaelekea kambini kwao.

Nimemuuliza Bahizire, kwa nini hukusema tangu Jumanne? Aliogopa. Na mi nani wa kumulaumu.

Alinyamaza! Mutu anaulizwa jina moja tu, jina langu, ananyamaza kama vile bado ni zamu ya wengine.

Mwanamuke mmoja aliniuliza bei ya beseni, nikafunga duka.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimeswali Ijumaa, sikumbuki rakaa hata moja. Mdomo uliponza kichwa. Lakini kichwa cha mwingine! Hilo wazee hawakutuambia.

Nimemwambia Massoudi napeleka kibati kambini, waone namba, wajue kinga si ya wizi. Akanikamata mukono: We una wazimu, sha? Watauliza umekitoa wapi. Mumoja ana kinga bila plaki, mwingine ana plaki bila kinga — hicho ni kikundi! Mutakuwa wawili ndani.

Anasema kweli. Inaniuma kwamba anasema kweli.

Nimeenda hata hivyo, na Scholastique, mpaka getini. Kibati nimekificha kwenye soksi. Yeye hajui kama ninacho. Askari akasema hapa hakuna mutu wa jina hilo. Scholastique akanigeukia, anangoja niseme kitu, mi mwenye mudomo! Sikusema kitu. Tumerudi kwa miguu mpaka Bwiza, kibati kinanikata kisigino, naye ananipa pole kwa kuchechemea.

Najichukia leo.

Jumatano, 24 Septemba

Mvua ya kwanza. Habari hakuna. Scholastique alipeleka chakula getini, wakakipokea! Hawakusema yuko, hawakusema hayuko. Sufuria imerudi tupu. Tumeigeuza na kuigeuza, mi na yeye na Fatouma, kama vile itatuambia nani amekula.

Jumapili, 28 Septemba, adhuhuri

Naandika haraka.

Asubuhi tulikaa kwa Massoudi bila makinga, kukaa tu. Akaingia mutu hatumujui. Shati jeupe, ndevu zimenyolewa vizuri, viatu vya askari. Anasukuma kinga. Nyeusi, imepakwa kwa burashi, rangi imechuruzika kila mahali. Lakini kengele! Kengele ileile! Na chini ya cheni, kwenye mukwaruzo, kijani kinaonekana.

Akasema: Nasikia hapa munahukumu makinga. Akaigeuza mwenyewe, kiti chini, mapine juu. Nasikia pia mwenye kinga ananyamaza. Haya, mi nanyamaza. Akakaa juu ya ndoo.

Nani alimwambia sheria yetu? Nani, kama si Aloys!

Wote tuliijua kinga. Hakuna aliyethubutu. Massoudi, ambaye tone moja la rangi likichuruzika halali usiku, akasema: Rangi safi, mukubwa. Bahizire akasema mapine mazuri sana. Aliyauza yeye mwenyewe, yale mapine! Sauti yake ilikuwa ya mutoto. Na yule mutu hasemi, anatutazama midomo, mumoja mumoja.

Zamu yangu. Ningesema "nzuri" na yangekwisha. Neno moja! Nilikuwa nalo mudomoni tayari. Nikainama, nikaona chini ya kiti kile kipande cha chuma, matundu mawili, lile moja limeenda upande.

Nikasema: Rangi hii ni aibu. Aliyeipaka alidhani anapaka mulango wa choo. Massoudi akafumba macho. Nikasema: Na kuna kitu kinakosa. Nikatoa kibati mufukoni, nacho sikiachi tangu siku ile ya getini, nikaomba bisibisi, nikakifunga. Sikurubu ya kwanza iliingia. Ya pili, ile ya upande, ikakataa. Nikasukuma kibati kwa dole gumba, ikakubali. Jasho lilikuwa linanitiririka mpaka kwenye macho.

Ikawa zamu ya mwenye kinga.

Akasimama polepole. Akasema: Tulimuuliza jina, akakataa. Tukauliza tena kwa namna zetu, akakataa. Mi namulinda usiku, ananisimulia mahakama yenu, anacheka na meno aliyobakiwa nayo. Anasema kuna mumoja wenu hasifu kitu. Basi leo nimekuja kumusikiliza huyo, na nyinyi wote munasifu tu! Nilikuwa naondoka.

Meno aliyobakiwa nayo. Lahaula.

Nikauliza: Yuko hai? Akasema: Jana alikuwa hai. Uje mwenyewe, si kutuma mutu. Mukubwa wangu anataka kuona vyote pamoja, kinga, plaki, na aliyevitenganisha. Akiridhika, mutarudi wawili. Nikauliza: Na asiporidhika? Akafuta kengele kwa mukono wa shati.

Huyu mutu ametuonea huruma au amenitegea? Nimemutazama usoni mpaka basi, sijui. Wallahi sijui!

Nimeomba niswali kwanza. Amekubali, amenifuata na kinga mpaka nyumbani kwangu, mulango wa mbele. Scholastique amefika, sijui nani amemupasha, amekaa chini kando ya kinga, ameshika pedali, haachii. Nimemwambia yote hapo hapo. Mnada, mbuzi, soksi, yote. Nilitaka anitukane. Amesema tu: Kaka, fanya haraka.

Fatouma anasema nipite nyuma. Ukuta wa jirani ni mufupi, Massoudi ameshaweka kiti hapo, yuko upande wa pili ananingoja. Kutoka mbele hawaoni. Viatu vyangu Fatouma amevikalia, analia, hataki kunipa mpaka niseme napita nyuma.

Nimeswali. Nje kengele inalia. Sijui anaipiga yule mutu au Scholastique. Inalia tena.

Nimemwambia Mama Houda akae navyo hivyo viatu. Naenda miguu mitupu, napita mbele.