Miche ya Migomba Niliyokupa kwa Mkono Wangu

Kwako mke mwenzangu Kembabazi,

Nimekuita mke mwenzangu kwa sababu neno "dada" ulilitumia vibaya likachakaa. Sikuulizi kama hujambo. Ukiwa mzima nitakasirika, na ukiwa mgonjwa watu wa hapa Nyabiyonza watasema nimekuroga, kwa hiyo tuyaache ya afya.

Leo nimemenya ndizi nikakukumbuka, nikajikuta nimejikata kidole. Hata hilo nimekuandikia dhambi.

Unakumbuka siku ile baba yako alipokuleta kwetu ili ukae karibu na shule? Ulitoka mbugani kwa wafugaji, mrefu, umenyooka, na ulikuwa hujawahi kushika ndizi mbichi. Mama akakupa kisu na mkungu, akakuacha jikoni. Aliporudi ulikuwa umemenya tatu tu, na maganda yamebeba chakula chote. Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Mawe, mama wee! Mtoto huyu, kwao wanakula nini?" Nawe ukajibu kwa adabu zote, "Maziwa, mama."

Mimi ndiye niliyekufundisha. Nilikuonyesha kupaka mafuta viganja utomvu usikugande, kufunika ndizi kwa majani, kusikiliza chungu kinapobadilisha sauti. Nawe ukanifundisha kusukasuka maziwa kwenye kibuyu mpaka siagi itoke, nikawa naumwa mabega wiki nzima, nawe ukawa unanikanda. Tulilala kitanda kimoja. Ulikuwa unaota na kuita ng'ombe kwa majina, nikawajua wote kabla sijawaona.

Halafu ile siku ya kahawa. Tulikuwa tumesikia kwamba watu wa zamani waliapa urafiki kwa kugawana punje ya kahawa yenye damu zao. Tukaiba kahawa za kutafuna kwenye kikapu cha bibi, tukakaa nyuma ya choo. Wewe ukaogopa sindano. Ukasema, "Dada, Mungu anatuona, damu ya nini?" Tukatafuna punje bila damu, kila mtu nusu yake. Siku hizi najiambia ndiyo maana kiapo hakikushika.

Nikaolewa na Deusi, na wewe ndiye uliyenisindikiza. Ulilia kuliko mama yangu. Watoto wangu watatu walikuita mama mdogo. Kila ulipotoka mbugani ulikuja na kibuyu cha maziwa mgando, ukakaa jikoni kwangu, na Deusi akawa anatafuta kisingizio cha kupita jikoni. Nilidhani anapenda maziwa. Kikulacho ki nguoni mwako, ila changu kilikuwa kinakula hata mezani kwangu, nami nakiongezea chakula.

Sasa tufike kwenye miche.

Ulikuja asubuhi moja baada ya mvua, ukanishika mikono. "Dada, nimepata kashamba kule Kibingo. Nataka kuanza kibanja changu cha migomba. Nipe miche ya migomba, ile ya kupika, ile mizuri ya kwenu." Nilifurahi, Kembabazi. Nilifurahi kijinga. Nikakuambia kapumzike, kisha ukatoka kwenda kuwasalimia majirani, simu yako ukaiacha juu ya benchi. Ikaita. Nikatazama, picha ya mume wangu ikanitazama, amevaa sweta niliyomfumia mwenyewe. Nikapokea bila kusema neno. Akasema, "Mpenzi, amekupa ile miche?"

Nilikata simu nikairudisha ilipokuwa. Nilitaka nikufuate kwa mwiko. Nilitaka nipige yowe kijiji kizima kije. Lakini kilichoniuma kuliko yote ni ile miche. Mume ulikuwa umeshanichukulia, sawa. Mkaona haitoshi, mkataka na migomba ya kwangu ikawalishe huko kwenu!

Nikachukua jembe, nikaenda upande wa chini wa kibanja, na huko, dada yangu wa zamani, ndiko iliko mbire. Wewe mtoto wa ng'ombe usingejua. Mgomba mchanga wa kupika na mgomba mchanga wa pombe, kwako yote ni majani. Ndizi ya mbire ukiikamua inatoa rubisi, pombe ya kumfanya padri aimbe. Ukiipika inakuwa na ukakasi unaokausha ulimi na fizi. Nikakuchimbia mbire tupu. Nikachagua yenye afya, nikaifunga vizuri, nikakuitia bodaboda mbili, na nikakushauri uweke samadi ya kutosha. Ukanikumbatia. Ulinukia sabuni yangu.

Mwezi haukupita, Deusi akahamia kwako. Kanisani akina mama wa kwaya walianza kunisalimia kwa sauti ya msibani. Hayo ningeyavumilia. Lakini ukoo wake ukakaa kikao. Wazee wakasema kibanja ninachoishi ni cha ukoo, na kinamfuata mwanamume na mke anayemtunza. Mimi nifungashe, niwachukue watoto, nirudi kwa kaka yangu. Miaka yote niliyokilima ikawa si kitu. Neno la mwisho waliliacha kwa Shangazi Kokushubira, dada mkubwa wa baba yake Deusi, ambaye unajua hata mchungaji hufupisha mahubiri akimwona ameanza kukohoa.

Nilimpigia magoti. "Shikamoo shangazi. Nitakwenda wapi na watoto?"

"Marahaba. Sijasema uende," akasema. "Huyo mpya akipata mkungu wa kwanza, nitakwenda na wenzangu. Atupikie ndizi alizozipanda kwa mkono wake. Akitulisha tukashiba, kibanja ni chake. Mimi sibagui."

Nikainama zaidi, si kwa heshima. Nilikuwa naficha uso.

Nikasubiri. Mgomba hauna haraka, na mwanamke aliyeibiwa mume pia hana. Usiku nilikuwa nikiwaza kwamba Deusi ataitambua, kisha nacheka mwenyewe. Deusi anaijua mbire ikishakuwa ndani ya kibuyu. Niliwaza na majirani zako watakuambia. Baadaye nikasikia walikuwa wakikusifu tu, wakidhani umekusudia kufungua kilabu cha pombe, na wewe ukiwaitikia "asanteni" kwa unyenyekevu.

Siku yenyewe ulikuwepo, lakini acha nikusimulie nilivyoletewa, maana Shangazi alipita kwangu moja kwa moja kabla hata hajavua kitambaa cha kichwani. Alisema ulipendeza. Alisema ulipiga magoti vizuri, ukanawisha mikono, ukafunua majani na mvuke ukajaa nyumba. Mashangazi wanne wakamega. Wa kwanza akatafuna, akaacha. Wa pili akameza kwa nguvu, machozi yakamtoka, akadai ni moshi. Shangazi Kokushubira akatoa tonge mdomoni, akaliweka kwenye jani, akalitazama.

"Mwanangu," akakuuliza, "hii ndizi umeitoa wapi?"

"Nimeipanda mwenyewe, waitu," ukasema kwa heshima, kisha kwa kiburi kidogo ukaongeza, "shamba zima ni hii."

Hapo ndipo Shangazi aliposhindwa kunisimulia. Alicheka akashika mlango wangu. "Shamba zima!" alirudia. "Amepanda pombe shamba zima, anatupikia!" Kisha akafuta macho akasema kwa utulivu kwamba asiyetofautisha mgomba na mgomba hawezi kupewa kibanja cha ukoo, na nisifungashe kitu. Nililala usingizi ule wa kitoto. Nilifurahi kwa aibu yako, Kembabazi, na leo bado nafurahi. Nikichoka kulima huwa naisimulia upya moyoni, kuanzia kwenye mvuke.

Ila umeniharibia utamu wake. Nasikia hukulia hata siku mbili. Nasikia ulitafuta watu wa kukukanyagia ndizi, na sasa rubisi yako inafuatwa na watu kutoka hata Rugera, na umeezeka bati. Kwa miche yangu! Nilikupandia aibu, ukavuna mabati. Nilipoambiwa nilivunja sahani, na baadaye, usimwambie mtu, nikacheka peke yangu, kwa sababu ni wewe kabisa. Hakuna mwingine wa kucheka naye habari hiyo. Hilo ndilo nisilokusamehe kuliko hata la mume.

Na sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Deusi, baada ya kunywa faida yako mpaka ukamtolea begi nje, amekuja kwangu juzi. Amesimama mlangoni anasema, "Nimerudi nyumbani." Akilala humu, wazee watasema mwenye kibanja amerejea, nami nitakuwa mgeni tena kwenye migomba niliyoipanda. Sijamruhusu kuvuka kizingiti. Nimemwambia siwezi kumpokea mpaka wewe uandike kwa mkono wako kwamba humdai na humtaki, na kwamba nimekuandikia kuomba hivyo kwa unyenyekevu. Amefurahi. Ndiye aliyekuletea barua hii. Hajaisoma, usiwe na wasiwasi. Unamjua, hajawahi kufika mwisho wa kitu chochote, ndiyo maana habari zake nimeziweka huku mwishoni.

Usimpokee. Usimpe hata kibuyu cha kuonja. Mwambie umenielewa, ila kuna neno moja hulifahamu, niandikie kuniuliza, kisha umpe aniletee. Nami nitakujibu kwa urefu. Tena nitakuuliza jambo, nawe utafikiri kwanza, naye awe anakwenda na kurudi. Mtu aliye njiani hana kibanja, na kutoka huku hadi Kibingo ni milima mitupu.

Bado nakuchukia. Andika haraka, yeye arudi kabla viatu havijapoa.

Ni mimi mke mwenzio,
mwenye kibanja, Nyabiyonza